Tanki yenye inajisawazisha: nani anaamua kama kitu ni kipya?

Tangu 2025 jina Washington halitoke mu kinywa ya watu wa kwetu. Kila mutu anazungumza mapatano ya tarehe 27 Juni, anauliza koltani itaenda wapi, bei itapanda ao hapana. Lakini ngambo ingine ya muto Potomac, kilometa chache tu kutoka Washington, kuko muji unaitwa Alexandria, na ndani yake ofisi moja yenye sisi hatuizungumzie. Pale hawachimbe kitu. Wanasoma karatasi. Na karatasi zenye wanakubali zinaamua nani atakula faida ya masini, wakati madini imeisha kutoka Rubaya, imeisha kuyeyushwa, imeisha kuwa kipande kidogo kuliko punje ya mahindi ndani ya ordinatere.

Ile ni ofisi ya serikali ya Marekani yenye kutoa hati za uvumbuzi, zenye sisi tunaita brevet. Mwenye iko na hati ile anaweza kuzuiza mutu mwingine kutengeneza, kuuza, kutumikisha ao kuingiza kitu kile mu Marekani, kwa miaka 20 kuhesabu tangu siku aliomba. Maombi yenye inafika pale inapita 600,000 kila mwaka. Wakaguzi wanapita 8,000. Hatuwezi kuangalia yote, kwa hiyo tuchukue aina moja tu ya ombi, yenye inaonekana ndogo lakini inafundisha mambo mingi: tanki ya kupoza ordinatere, yenye inajisawazisha yenyewe.

Kwanza, juu ya nini tanki? Masini zote za elektroniki zinatoa moto. Mwenye iko na telefone ya zamani anajua vile inawaka mu mufuko. Sasa weka maelfu ya ordinatere kubwa, zenye wanaita serveri, ndani ya nyumba moja, zitumike usiku na muchana kwa ajili ya akili bandia ao kuchimba bitcoin. Ventilateri zinapuliza, lakini upepo haubebe moto mingi. Litre moja ya mafuta inabeba moto zaidi ya mara 1000 kuliko litre moja ya hewa. Ndiyo maana watu wanafanya kitu chenye kinashangaza ukikisikia mara ya kwanza: wanachukua ordinatere nzima na kuizamisha ndani ya mafuta. Haiungue. Mafuta ile ni ya aina yenye haipitishe umeme.

Hii haiko uchawi wala si ya leo. Angalia transformateri ya SNEL juu ya nguzo ao ndani ya kabine: ndani yake muko mafuta, na watu wa umeme wanafanya vile tangu karne ya 19. Katika mwaka wa 1985, ordinatere kubwa ya Marekani yenye iliitwa Cray-2 ilikuwa inatumika yote ikiwa ndani ya maji maji ya kampuni 3M, Fluorinert. Seymour Cray, mwenye aliitengeneza, alipata hati yake ya namna ile ya kupoza mu 1986. Katika 2021 Microsoft ilionyesha tanki yake mu Quincy, jimbo la Washington (lile la upande wa magaribi, si muji mukubwa wa serikali). Kwa hiyo mutu mwenye leo anaenda Alexandria na kusema «mimi nimevumbua kuzamisha ordinatere mu maji maji», atafukuzwa mbele ya saa sita.

Lakini mafuta ndani ya tanki iko na matata yake, na hapa ndipo mambo ya kujisawazisha inaanza. Ukitoa serveri moja kwa kuitengeneza, mafuta inashuka, sawa vile maji inashuka ukitoa jiwe mu ndoo. Serveri yenyewe inatoka ikiwa imelowa, inabeba mafuta kidogo. Mafuta ikipata moto inaongezeka, ikipoa inapunguka. Ikishuka sana, sehemu ya serveri inabakia wazi na inaungua. Pompi nayo inaanza kuvuta hewa. Ikipanda sana, inamwangika chini. Fundi hawezi kusimama pale na kikombe muchana na usiku. Kwa hiyo wanatafuta tanki yenye inajilinda yenyewe kwa kiasi kimoja.

Namna moja ni floteri, ile tunajua wote mu citerne ya choo: maji ikishuka floteri inashuka na kufungua, ikipanda inafunga. Namna ya pili ni kukata ukuta mumoja wa tanki ukuwe chini kidogo, ili mafuta ipite juu ya ule ukingo na kuanguka mu mufereji wa pembeni, kisha pompi inaichukua, inaipeleka kupoa, inairudisha chini ya tanki. Ni sawa pipa lenye limejaa wakati mvua inanyesha. Hata mvua ikuwe kali namna gani, maji haipande sana kupita mudomo wa pipa. Kupanda na kushuka yote inaenda mu mufereji. Ndani ya tanki kubwa mafuta inabakia palepale.

Kuko pia maana ya tatu. Ule ukingo unapaswa kulala sawasawa kabisa. Tanki ikiinama hata kidole kimoja, mafuta yote inapitia upande mumoja, na serveri za upande mwingine zinabakia mu mafuta yenye haitembee, zinapata moto. Mu Goma, penye tunajenga juu ya mawe ya volkano, kila fundi wa sakafu anajua shida ya kutafuta nivo. Kwa hiyo «kujisawazisha» inaweza pia kuwa miguu ya tanki yenye inajirekebisha, ao ukingo wenye unajirekebisha juu ya tanki.

Unaona sasa: neno moja, maana tatu. Na hii ndiyo kazi ya kwanza ya mukaguzi kule Alexandria. Haanze kuuliza kama kitu ni kizuri, ao kama kitauzwa. Anauliza: maneno yako inasema nini?

Watu wengi wanawaza kama hati ya uvumbuzi inalinda picha, ao masini yenyewe, ao wazo. Hapana. Inalinda sentensi. Mwishoni mwa kila ombi kuko orodha ya sentensi zenye namba, zenye Wafaransa wanaita «revendications», na kila moja ni sawa croquis ya parcelle. Sisi watu wa Kivu hatuhitaji kufundishwa hii: unaweza kuwa na hadisi ndefu vile babu yako alilima pale, lakini siku ya tribinali wanauliza borni ziko wapi. Picha na maelezo ni hadisi. Zile sentensi ndizo borni. Na mukaguzi anapaswa kuzisoma kwa upana wote wenye akili inaruhusu. Ukiandika tu «tanki yenye kujisawazisha» bila kusema inajisawazisha namna gani, umechukua shamba kubwa lenye ndani yake muko tayari citerne za choo za dunia nzima. Hata mu Alexandria ingine, ile ya Misri, zaidi ya miaka 200 mbele ya Kristo, mutu anaitwa Ktesibios anasifiwa kuwa alitengeneza saa ya maji yenye floteri, ili maji ibakie kwa kiasi kimoja.

Kisha mukaguzi anatafuta. Maulizo yake makubwa ni mbili. Ya kwanza: kuko andiko moja, ao masini moja, mbele ya tarehe ya ombi, yenye iko na vitu vyote vya ile sentensi? Kama iko, sentensi imekufa. Ya pili ndiyo kali zaidi: kama vitu havipatikane fasi moja, fundi wa kawaida wa kazi ile angeweza kuviunganisha bila kuvumbua kitu? Andiko moja linaonyesha serveri ndani ya mafuta. Lingine linaonyesha ukingo wenye maji inapita juu yake, mu piscine kwa mufano. Kuweka mbili pamoja, ni uvumbuzi ao ni kazi ya kila siku?

Mu 2007 tribinali kubwa ya Marekani ilipata ulizo sawa na hili, katika kesi ya KSR na Teleflex. Ilikuwa mambo ya pedale ya motokari yenye walikuwa wamefunga kipima cha elektroniki. Waamuzi walisema kama fundi wa kawaida naye iko na akili. Kuunganisha vitu vyenye vinajulikana, kwa namna yenye inajulikana, ili kupata matokeo yenye yalitazamiwa, kwa kawaida haitoshe. Tangu pale wakaguzi wako na nguvu zaidi ya kukataa. Na wanakataa: maombi mingi inapata kwanza barua ya hapana. Avoka wa mwombaji anajibu, anasogeza borni ndani, anaongeza maneno: ukingo uwekwe fasi hii, uwe na urefu huu, pompi iingize mafuta pale. Mukaguzi anajibu tena. Inaweza kufanya miaka.

Mufano wa kweli uko. Kampuni Midas Green Technologies ya Austin, Texas, iliweka ombi lake la kwanza mu Desemba 2012 kuhusu tanki ya kuzamisha masini za elektroniki. Hati zilitoka mu 2019 na 2020. Ile ya 2020 iko na namba 10,820,446. Ukisoma sentensi yake ya kwanza, haiseme «kuzamisha ordinatere mu mafuta». Inasema tanki yenye fasi za kuwekea masini, na ukingo wa kumwangikia wenye umeungana na ukuta murefu wa tanki, karibu na fasi zote, ili mafuta yenye inapita mu kila fasi irudi kwa kipimo karibu sawa. Rudia kusoma ile. Shamba lenyewe ni dogo: fasi ya ukingo, na sababu ya ukingo kuwa pale.

Lakini shamba dogo mu fasi yenye watu wote wanataka kupita linaweza kuleta feza mingi. Mu 2022 Midas ilishitaki Rhodium, kampuni yenye ilikuwa inachimba bitcoin mu Texas. Kampuni ingine, Immersion Systems, mu 2021 ilikuwa imeomba ofisi ya Alexandria iangalie tena kama hati moja ya Midas ilipaswa kutolewa, juu sheria ya Marekani inaruhusu kufungua tena faili kisha hati kutoka. Hapa kinachotuhusu haiko nani alishinda nani. Ni hii: avoka wa pande zote walikuwa wanagombania sentimeta za ukingo, na wenye tanki zenye ukingo walikuwa wanangojea kuona kama watalipa.

Kwa maoni yangu, namna ile ya kukagua si mbaya kwenye karatasi. Ulizo la pili, lile la fundi wa kawaida, ni ulizo la haki. Shida iko fasi ingine: mukaguzi anaona tu kitu chenye kimeandikwa na kiko na tarehe, na iko na wakati mufupi wa kukitafuta. Kwa wastani wanahesabu karibu masaa 20 kwa ombi moja, tangu kusoma mupaka kujibu. Masaa 20 ya kutafuta mu maandiko ya dunia nzima! Atapata hati za Wamarekani, Wajapani, Wachina. Fundi wa Butembo mwenye alizamisha regulateri yake mu mafuta ya transformateri ili isiungue, nani atamupata?

Na kulikuwa kitu kibaya zaidi. Katika sheria ya zamani ya Marekani, kama kitu kilikuwa kinatumikishwa mbele ya watu lakini inje ya Marekani, bila kuandikwa, hakikuhesabiwa. Kwa macho ya sheria kilikuwa hakiko. Ungeweza kutumia kitu mu soko ya Kadutu miaka kumi, watu wote wanakiona, na mutu akienda kukiombea hati kule, matumizi yako hayangemuzuiza. Sheria ya 2011 iligeuza hii: kwa maombi ya kuanzia tarehe 16 Machi 2013, matumizi ya wazi fasi yoyote ya dunia inahesabiwa. Ni badiliko kubwa, na mu redio zetu hakuna mwenye alilizungumza. Lakini kuhesabiwa ni neno moja, kuonyesha ni neno lingine. Bila tarehe, bila andiko, mukaguzi atajua namna gani?

Wahindi walijifunza hii mapema. Mu 1995 Marekani ilitoa hati juu ya kutumia manjano, ile kurkuma ya jikoni, kwa kuponyesha vidonda. Kila mama wa India alikuwa anajua dawa ile. Lakini kilichovunja hati mu 1997 haikuwa ushahidi wa mamama. Shirika la serikali ya India la utafiti lilileta maandiko ya zamani, yenye tarehe, moja kwa moja. Kuanzia 2001 India ikaanza kukusanya maarifa yake ya zamani mu ghala moja ya ordinatere, ili wakaguzi waweze kutafuta mule mbele ya kutoa hati.

Tuje kwetu. Kuko vitu viwili vyenye mafundi wetu wanachanganya.

Hati ya Marekani haina nguvu mu Kongo. Inaishia ku mipaka ya Marekani. Kama mwenyewe hakuomba hati hapa, fundi wa Bukavu ao Beni anaweza kusoma namba 10,820,446 yote, na picha zake, bila kulipa hata franga moja, atengeneze tanki ile na kuitumikisha hapa. Asiipeleke tu kule kuuza. Hati zote ziko wazi mu internete. Kwa kweli ndiyo bei yenye mwombaji analipa: anapata miaka 20, lakini anapaswa kufasiria kitu chake vizuri mupaka fundi mwingine aweze kukitengeneza. Mu Lubero, ku kituo cha umeme cha Luviro, Parke ya Virunga inatumikisha masini za bitcoin ndani ya kontena tangu 2020, kwa nguvu za maji ya muto. Moto wa masini ni shida ya hapa pia, haiko hadisi ya Texas tu. Na shule zetu za ufundi, zenye zinafundisha umeme na kitabu kimoja chenye kimechanika, ziko na maktaba ya bure yenye hazifungue.

Kitu cha pili: karatasi ya Kinshasa. Sheria yetu ya mali ya viwanda ni ya tarehe 7 Januari 1982, na Kongo haiko mu OAPI wala mu ARIPO, yale mashirika mawili ya Afrika yenye kutoa hati kwa inchi nyingi mara moja. Kwetu ombi linaenda ku wizara ya viwanda, na hati inatolewa bila mutu kuchunguza kama kitu ni kipya kweli. Kwa hiyo yule mwenye anatembea na karatasi mu mukono akisema «serikali imekubali kama mimi ndiye muvumbuzi wa kwanza» anaongeza chumvi. Serikali ilipokea, ikaandika tarehe. Kama kuna matata, tribinali ndiyo itaangalia. Tarehe yenyewe lakini iko na samani, usiidharau.

Mutu mwenye anataka kuomba hati yake mwenyewe afunge kinywa kwanza. Inchi nyingi, za Ulaya kwa mufano, zinakataa kitu chenye muvumbuzi mwenyewe alikitangaza mbele ya kuomba. Marekani inamupa miezi 12. Kuja kuonyesha kazi yako mu redio yetu kabla ya kuomba kunaweza kukukosesha yote, na sisi waandishi tunapaswa kuwa tunamwambia mutu mbele ya kuwasha mikro.

Lakini kwa fundi mwenye hatafute hati, mwenye anataka tu mutu wa mbali asije kufunga njia yake, mambo inageuka kinyume: atangaze, kwa maandishi, na picha, na vipimo, na tarehe. Ukurasa wa internete wenye uko wazi kwa watu wote na wenye tarehe yake inajulikana unahesabiwa sawa na kitabu. Na kuko mulango wenye watu wachache wanajua. Maombi mingi ya Marekani inatangazwa miezi 18 kisha kuwekwa. Tangu Septemba 2012, mutu yeyote, wa inchi yoyote, anaweza kutuma kwa mukaguzi maandiko ya zamani yenye yanaonyesha kama kitu hakiko kipya. Inaomba afanye hivyo mbele ya barua ya kukubaliwa, na ndani ya miezi 6 tangu ombi kutangazwa, ao mbele ya barua ya kwanza ya kukataa, ile yenye inakuja nyuma kati ya hizo mbili. Maandiko matatu ao chini yake, kwa mara ya kwanza, halipe kitu. Kila andiko liwe na maelezo mafupi ya kusema linahusu nini mu zile sentensi. Na kama limeandikwa kwa Kiswahili, litafsiriwe kwa Kiingereza, juu mukaguzi wa Alexandria hatasoma floteri ya Kadutu kwa luga yetu.